Siku Tuliyopiga Deki

Jumatatu, 4 Machi

Mume wangu amechoka kunisikiliza. Jana aliniletea daftari, akaniambia kwa upole wake wa fundi viatu, "Mama watoto, andika basi. Karatasi haisinzii." Haya, naandika.

Masika yameanza leo, na pampu ya maji ya hospitali imekufa leo hiihii. Fundi aliifungua, akaichungulia, akaifunga tena. "Hii ilikwisha zamani," alisema. "Ilikuwa inawaonea aibu tu."

Mimi ni muuguzi wa wodi ya kuhara. Masika ndiyo msimu wetu, kama ulivyo wa wakulima, ila sisi tunavuna watu wa bondeni, ambako visima na vyoo vimepakana na mvua ikinyesha vinatembeleana. Tena mimi ndiye mwenyekiti wa tawi la Chama cha Wauguzi hapa hospitalini. Cheo hicho nilikipata kwa sababu nilikuwa nimetoka kwenda haja walipopiga kura. Tawi letu linaomba vitu viwili tu, na limeviomba tangu nywele zangu zikiwa nyeusi: pampu mpya, na wauguzi wa kutosha ili wodi ya kuhara isiachiwe mtu mmoja. Sasa hata ile pampu ya zamani imetuaga.

Alhamisi, 7 Machi

Ndoo. Mgongo. Nimelala saa za kuku.

Jumatatu, 11 Machi

Kipindupindu kimefika. Wa kwanza alikuwa kinyozi wa bondeni, wa pili mkewe, wa tatu mteja aliyekuwa amenyolewa upande mmoja.

Vitanda vyetu vina tundu katikati na ndoo chini yake. Ndoo ikijaa unamwaga, unaosha, unatia klorini, unarudisha. Maji yote hayo sasa yanatoka kwenye bomba la shule ng'ambo ya barabara, na anayekwenda kuyachota anamwachia Mungu wagonjwa. Ukiwa peke yako kwenye zamu huna ujanja: ama uwe na maji, ama uwe na wagonjwa.

Leo nilikuwa na bahati, nilikuwa na Chapchap. Chapchap ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea mimi tangu akiwa wa kubebwa, akakua akiniangalia navaa sare, akawa muuguzi, na hilo nilishindwa kulizuia. Jina hilo amepewa na wagonjwa kwa jinsi anavyotembea. Wodini ananiita Sista, nyumbani Mamdogo, na akichoka anachanganya. Leo ameniita Mamdogo mbele ya kinyozi, na kinyozi, pamoja na hali yake, akacheka.

Jumamosi, 16 Machi

Nimegombana na Mama Pasi. Huyu ndiye Muuguzi Mkuu wetu, na anaitwa hivyo kwa sababu sare yake ina mikunjo miwili ya pasi unayoweza kukatia mkate. Nilikwenda kumwambia kwamba tawi linataka tuache kuzibiana mapengo. Asipokuwepo mtu kwenye zamu, pengo lionekane.

Akanitazama kuanzia viatu. "Muuguzi halalamiki," akasema. "Muuguzi anavaa, anafunga kibwebwe, anafanya kazi. Chama chenu kinatufanya tuonekane ombaomba."

"Sisi ni ombaomba, Mama. Asubuhi hii nimeomba maji kwa mlinzi wa shule."

"Ulimwomba ukiwa umevaa sare?"

Nikatoka, nikafunga mlango kwa nguvu, na kitasa kikabaki mkononi mwangu. Hospitali hii hata hasira haina vifaa vyake.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Sina la kuandika, nina la kufua.

Jumapili, 24 Machi

Mkutano wa matawi yote makao makuu ya chama. Viti vya plastiki, chai ya vuguvugu, bango lenye picha ya muuguzi anayecheka. Chapchap akanong'ona, "Huyo si wa zamu ya usiku."

Katibu Mkuu wetu ni mwanamume mrefu, mpole, ambaye ukimuuliza lolote anajibu, "Liko kwenye mchakato." Ndiyo maana wauguzi wote wanamwita Mchakato. Wanasema mkewe aliposhika mimba ya kwanza, yeye aliwatangazia ndugu kwamba mtoto yuko kwenye mchakato.

Nilisimama. Nikasema kwamba nina wagonjwa ambao ukiwaacha kidogo wanakauka, na maji yangu yako ng'ambo ya barabara. Nikauliza ombi la pampu limefika wapi.

"Mwenyekiti, liko kwenye mchakato."

"Mchakato huo una mlango, Katibu? Nionyeshe nikagonge mwenyewe."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mchakato hakucheka. Alisubiri watu watulie, akasema, "Wakubwa hawaamini wasichokiona. Hesabu nimewapelekea, wanasema wauguzi wanapenda kulia. Nataka niwalete waone kwa macho yao." Nikakaa. Nilijiambia kwamba huyu atazeeka na maneno yake, na chama kitamzika na bango.

Alhamisi, 28 Machi

Mimi na Chapchap tumekwenda bondeni kwa niaba ya chama, na klorini ambayo Mchakato aliiomba sijui wapi. Kazi yetu ilikuwa kuitia visimani na kuwafundisha watu kuchemsha maji.

Mwuza mitumba mmoja, mama wa rika langu, alitusikiliza akiwa amekaa juu ya furushi lake la nguo. Nilipomaliza akauliza, "Na mkaa wa kuchemshia maji ya kunywa ya watu saba, dada, umekuja nao kwenye huo mkoba?"

Nikasema sikuja nao.

"Basi mmekuja kutuimbia."

Watu wakacheka, na mimi masikio yakaniwaka moto. Lakini alikuwa wa kwanza kutupeleka kisimani kwake, na kabla hatujaondoka alimlazimisha Chapchap kupokea koti la mvua kutoka kwenye furushi. "Chukua, mwanangu. Ukiugua wewe nani atatuosha?" Chapchap akakataa, akalikubali, akalivaa. Linamfika magotini. Yule mama simjui jina, ila nimempenda. Wanamwita Mama Mitumba.

Ijumaa, 5 Aprili

Mchakato amepiga simu. Wanakuja! Kamati ya wizara, Alhamisi ya tarehe kumi na nane, wodi kwa wodi. Nilimwambia arudie. Akarudia, na sauti yake ilikuwa ikitetemeka kama ya bwana harusi.

Jumanne, 9 Aprili

Kikao cha tawi. Mchakato alikuja mwenyewe, amelowa mpaka kwenye soksi. Alisema neno moja tu, na alilisema polepole: "Msipange chochote."

Zamu iwe ileile. Ndoo ziwe zilezile. Aliye mapumzikoni akae kwake. Pasiletwe shuka kutoka nyumbani, pasibebwe maji ya ziada, pasipigwe deki isiyo ya kawaida. "Mficha uchi hazai," akamalizia, na wakunga wa wodi ya wazazi wakapiga makofi kwa sababu hilo wanalijua kuliko yeye.

Zamu ya Alhamisi hiyo asubuhi, wodi ya kuhara, ni yangu. Peke yangu. Nilisimama nikaapa mbele ya wote kwamba wakubwa watakuta kila kitu kama kilivyo.

Mama Pasi alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango. Nilijua yeye ndiye atakayetuharibia. Akanyoosha mkono.

"Hata kitambaa cha mezani?"

"Hata kitambaa, Mama."

"Na sare?"

"Njoo nayo ilivyo. Usipige pasi."

Akafumba macho. Nadhani alikuwa akisali. "Haya," akasema. "Kama ni kwa ajili ya maji, nitavumilia."

Jumamosi, 13 Aprili

Mchakato ameleta viatu kwa mume wangu. Hakujua kwamba ni mume wangu, alitafuta tu fundi wa karibu na kituo. Mume wangu alivigeuza, akanionyesha. Soli ya mbele imeisha yote, kisigino kizima. "Mwenye kiatu hiki hakai ofisini," akasema. "Huyu anasimama kwenye milango ya watu, anaegemea mbele."

Nimejisikia vibaya kwa yale ya mkutanoni. Mume wangu amevishona vizuri, akatia soli ngumu. Namwombea Mchakato. Najiombea mimi pia. Kwa mara ya kwanza masika haya nimejikuta nikiwaza maji yakitoka bombani ndani ya wodi, mimi nikinawa tu, bila kufikiri.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua tangu jana haijapumzika. Leo jioni wakati natoka wamemleta Mama Mitumba, juu ya mlango uliong'olewa. Macho yameingia ndani, mikono imekunjamana. Nikamwekea dripu mbili kabla sijampisha wa zamu ya usiku. Alinitambua. "Mmekuja kuimba tena?" akasema. Anayetania ataishi, ndivyo tunavyosema wodini.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimefika asubuhi. Wa zamu ya usiku, naye alikuwa peke yake, aliniachia wodi akiwa haoni mbele kwa uchovu. Sakafu ilikuwa kama inavyokuwa kila asubuhi ya masika, chafu ya kutia uchungu. Ndoo zimejaa. Pipa lilikuwa na maji ya kutosha siku moja na zaidi kidogo. Nikajiambia, vizuri, waje waone. Nikazungukia dripu, kwa sababu dripu haziwezi kungoja wageni, kisha nikakaa kwenye kiti na mikono juu ya mapaja. Sijawahi kukaa hivyo wodini. Wagonjwa walinitazama wakidhani mimi ndiye ninayeumwa.

Mama Mitumba yuko kitanda cha mlangoni. Usiku alikuwa amejichafua nje ya tundu, na uchafu ulikuwa umemkaukia miguuni mpaka kwenye vidole.

"Nesi," akaniita. "Nasikia mna wageni."

"Ndiyo, mama."

"Na wanaume wamo?"

"Wamo."

"Wanikute hivi?"

Nikasogea, nikamweleza yote. Pampu, wauguzi, miaka tuliyoomba, wakubwa wasioamini wasichokiona. Nikamwambia ni kwa ajili yake na watu wa mtaa wake. Yeye aliyenikejeli bondeni mbele za watu, safari hii alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Nimekuelewa, dada," akasema. "Lakini mimi si pampu."

Nilikwenda kuchota maji pipani, nikamwosha.

Nilisema nitamwosha yeye tu. Sasa ukimwosha mmoja, wa kitanda cha pili anakutazama. Anakutazama tu, halafu anavuta shuka ajifunike. Nikamwosha na huyo. Kisha nikaona siwezi kumrudisha mtu msafi juu ya sakafu ile, nikachukua tambara la deki. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya kitanda cha tatu nilipoona miguu ya mtu na koti la mvua linalofika magotini. Chapchap, ambaye alikuwa mapumzikoni, amebeba dumu la maji kichwani, sare kamili ndani ya koti.

"Nilikuwa napita tu, Sista," akasema.

"Nilikwambia ukae nyumbani!"

"Ndiyo, nimekaa, nikapita."

Nyuma yake akaja yule wa usiku, ambaye alipaswa kuwa amelala. Naye alikuwa akipita tu. Akaja wa wodi ya watoto, akaja mkunga mmoja na mwenzake. Mmoja alileta shuka za kitandani kwake, zina maua, akasema mume wake yuko safari hatajua. Hakuna aliyeitwa. Kila mmoja alikuwa ameamka akawaza kwamba wageni wanakuja na mimi niko peke yangu na aibu ile, akashindwa kunywa chai. Ningewafukuza, lakini mimi ndiye niliyekuwa na tambara mkononi.

Mwisho akaingia Mama Pasi. Sare yake ilikuwa imekunjamana kama karatasi iliyotupwa ikaokotwa. Alisimama mlangoni, na nilimwonea huruma, maana alikuwa ameshika kola kwa mkono mmoja kana kwamba yuko uchi.

"Uliniambia nisipige pasi," akasema. "Sijapiga. Tangu nianze kazi sijawahi kuvuka kizingiti changu hivi. Wewe unafanya nini?"

Akaitazama wodi, vitanda vilivyosafishwa na vile ambavyo bado. Akavua saa yake, akakunja mikono ya sare.

"Pembe ile hujaifikia," akasema, akashika ndoo.

Basi walipofika walikuta sakafu inang'aa, klorini inanukia, madumu ya maji yamejipanga ukutani, shuka za maua, na wauguzi safu nzima. Kiongozi wa msafara alikuwa mama mwenye sauti laini na viatu vyeupe. Nilivitazama viatu hivyo vikitembea mwanzo wa wodi hadi mwisho, na vilitoka vyeupe. Mchakato alikuwa nyuma yao. Alipoingia uso wake ulikuwa na tumaini, nao nikauona ukizimika.

Alijaribu. "Mheshimiwa, hawa si wa zamu. Wa zamu ni mmoja. Hawa wamejitolea leo tu."

"Huu ndio moyo tunaoutaka," akasema yule mama.

Na mimi nikajaribu. "Mheshimiwa, maji haya tumeyabeba kichwani."

"Hongereni sana."

Akamwinamia Mama Mitumba, akamuuliza anahudumiwaje. Na Mama Mitumba, aliyetaka kutulipa wema, akajikaza akainua kichwa. "Wananihudumia kama mtoto wao," akasema. "Sijakosa kitu. Mungu awape zaidi." Wakubwa wakatikisa vichwa kwa furaha. Wakaomba tusimame na madumu, wakatupiga picha. Chapchap yuko mbele, anacheka, kwa sababu mpiga picha alimwambia acheke.

Walipoondoka nilimkuta Mchakato barazani, amekaa kwenye benchi la wanaosubiri. Nilitaka anitukane. "Nimewaandaa wakubwa miaka yote hii," akasema. "Sikukumbuka kuwaandaa nyinyi." Kisha akauliza kama yule mama wa mlangoni atapona. Nikamwambia atapona.

Ijumaa, 19 Aprili

Mama Mitumba amefariki.

Zamu yangu tena, peke yangu. Wenzangu wote waliopita jana leo walikuwa kwenye zamu zao au wamelala kama magogo, na Chapchap alikuwa wodi ya wazazi bila msaidizi. Pipa lilikuwa kavu. Madumu yale yaliyojipanga kwa ajili ya picha tuliyamaliza kwa deki na kwa kuosha watu na shuka. Niliangalia dripu yake, nikaona ina kitu kidogo, nikasema nitawahi. Nilikwenda bomba la shule mbio. Ilikuwa saa ya mapumziko, watoto wamepanga foleni, wakanipisha, siwezi kuwalaumu. Nilirudi nikakuta dripu imekauka na yeye amekwenda. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amemshika mkono. "Alikuita," akaniambia. "Mimi nilijaribu kukuitia, sauti haikutoka."

Mumewe alikuja kumchukua. Alimtazama miguuni, akasema, "Mmemtunza. Hata kucha ni safi." Alinishukuru, akanishika mikono yote miwili. Nilikwenda nyuma ya jengo la kufulia nikalia mpaka nikatapika.

Mume wangu amenivua viatu, akanikanda miguu. Sina imani na jambo lolote leo.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimekwenda kazini.

Jumanne, 30 Aprili

Taarifa ya kamati imetoka. Mchakato alikuja kutusomea mwenyewe, hakutaka tuisikie kwa watu.

Hospitali yetu ni ya mfano. Usafi wake uigwe. Na kwa kuwa kamati imeona kwamba tuna wauguzi wa ziada, watatu wahamishiwe hospitali nyingine, mbali, yenye uhaba wa kweli. Pampu haikutajwa, kwa sababu maji yalionekana.

Watatu wenyewe wamechaguliwa kutoka kwenye ile picha. Anayecheka mbele ndiye wa kwanza.

Nilimsubiri Mchakato aseme kwamba tutakata rufaa, kwamba liko kwenye mchakato. Akakunja karatasi, akaiweka mfukoni. Soli alizotiwa na mume wangu bado mpya.

Ijumaa, 3 Mei

Mama Pasi alikwenda wizarani kutuombea. Amekaa kwenye benchi lao siku nzima, na sare iliyopigwa pasi. Waliufunga mlango akiwa bado amekaa. Aliporudi akanifuata wodini, akasimama akiangalia ukuta.

"Hicho chama chenu," akasema, "mtu anajiungaje?"

Nilimwambia. Angeniuliza mwezi wa tatu ningefurahi sana.

Jumatatu, 6 Mei

Chapchap ameondoka. Ana begi moja na lile koti. Nilimfungia vyombo viwili vya chakula, akarudisha kimoja, akauliza nitabaki na nini.

"Nisamehe," nikamwambia stendi. "Nilitakiwa kukaa kwenye kile kiti."

"Mamdogo, ungekaa ningekuona wa ajabu."

"Ningekaa, ungebaki hapa."

Hakukataa. Si mwongo, nimemlea hivyo. Alinikumbatia, akanifunga kifungo cha sweta kama mimi ndiye mtoto, akapanda. Nilimwahidi dada yangu, akiwa mahututi kitandani, kwamba mtoto huyu nitamweka karibu. Nimekaa jikoni tangu nirudi na sijawasha moto.

Jumanne, 14 Mei

Peke yangu. Wawili wamekufa, nisingeweza kuwawahi wote. Mvua.

Jumatatu, 20 Mei

Wameleta cheti cha hospitali ya mfano, kimetiwa kwenye fremu ya dhahabu. Kimetundikwa juu ya sinki letu, wote waliokuwepo wakapiga makofi. Nilifungua bomba la sinki mbele yao, likakohoa hewa. Walidhani nafanya mzaha, wakacheka.

Nimemwambia Mchakato anitafutie mwenyekiti mwingine. Ameniambia hakuna anayetaka. Hakusema hivyo kwa kunibembeleza, amewauliza wote.

Jumatatu, 27 Mei

Mvua imekatika huku kwetu. Vitanda vinaanza kubaki wazi, na mwakani vitajaa tena. Kisima cha Mama Mitumba bado kinatumika, nimekiona nilipopita.

Asubuhi hii simu imelia nikiwa nafunga ndoo. Chapchap. Sauti yake imekuwa nyembamba.

"Mamdogo, wako njiani. Kamati ileile. Wamesema wanakuja kuona uhaba."

"Nani yuko zamu?"

"Mimi. Peke yangu. Wodi ya kuhara. Maji hatuna, tunachota mtoni."

Nikasema harakaharaka, kabla sijapata muda wa kufikiri, "Nisikilize. Usiguse kitu. Usifagie, usitandike. Wenzako wakija wafukuze, hata kwa mawe. Kaa kwenye kiti. Waje wakute hivyohivyo, unanisikia? Wakikuta hivyo watawaletea watu na maji. Safari hii wataona."

"Nakusikia," akasema. "Ila kuna mtoto, kitanda cha mwisho. Amejichafua mpaka kwenye nywele. Anauliza mama yake yuko wapi. Mama yake tulimpoteza juzi."

Nikakaa chini, pale pale kwenye sakafu. Nilisikia mvua ya kwao kwenye simu. Nilijua vizuri sana neno ninalopaswa kusema, mimi mwenyekiti, mimi niliyefiwa na Mama Mitumba. Lilikuwa mdomoni.

"Mkubwa kiasi gani?" nikauliza.

"Ana pengo la meno ya mbele."

"Msafishe."

"Na wakikuta pasafi, Mamdogo?"

"Watakuta pasafi."

Nilimsikia akivuta pumzi, kisha akiliokota dumu.

"Haya," akasema. "Ngoja nikachote maji."